Nakala Isiyowaka: Kasoro za Kunakili Diski ya Kompyuta Mpakato

Kuhamisha kila kilichomo katika diski ya kompyuta mpakato na kukiweka katika diski nyingine, kazi ambayo mafundi huiita kukloni, huonekana kuwa jambo la kunakili tu. Ilhali kasoro nyingi za kazi hiyo hazitokani na nyaraka wala picha zinazonakiliwa, bali na mambo yanayozizunguka, yaani ramani ya diski, utambulisho wake, ufunguo wake na namna kompyuta inavyoitafuta inapowashwa. Ndiyo maana diski mpya inaweza kuwa na kila faili iliyokuwamo katika ile ya zamani, bila kupungua hata moja, na bado kompyuta ikakataa kuwaka kwayo.

Kloni haina budi kutofautishwa na nakala ya akiba, ambayo madukani huitwa bekapu. Kloni ni diski nzima iliyorudiwa, pamoja na mfumo endeshi, programu na mipangilio yake, ikiwa tayari kuchukua nafasi ya diski ya kwanza. Na kwa kuwa hubeba hali ya saa ile ile iliponakiliwa, hubeba pia virusi vilivyokuwamo na hukosa faili lililofutwa jana yake. Bekapu hukusanywa mara kwa mara na kuwekwa mbali na kompyuta, ili mwenyewe aweze kurejea hali ya wiki iliyopita au ya mwezi uliopita. Katika maduka ya Kariakoo jijini Dar es Salaam au ya barabara ya Luthuli jijini Nairobi, kloni ni mojawapo ya kazi zinazofanyika: kompyuta iliyokwisha kutumika huondolewa diski yake ya kuzunguka, iliyo nzito na ya polepole, ikawekewa SSD, yaani diski isiyo na kifaa chochote kinachozunguka ndani yake.

Chanzo cha diski mpya kukataa kuwaka kinafaa kutafutwa kwanza katika ramani yake. Kila diski hugawanywa katika vyumba viitwavyo patisheni, na mpangilio wa vyumba hivyo huandikwa katika jedwali. Jedwali la zamani, MBR, ambalo lilikuja na mfumo wa PC DOS 2.0 mwaka 1983, hukaa katika baiti 512 za mwanzo wa diski, huruhusu patisheni kuu 4 tu, na katika diski za kawaida haliwezi kuhesabu kupita takriban terabaiti 2. Jedwali jipya, GPT, limevuka mipaka hiyo na huweka nakala yake ya pili mwishoni kabisa mwa diski. Programu dhibiti, yaani ile iliyomo katika ubao wa kompyuta na inayoamka kabla ya mfumo endeshi, nayo ina desturi mbili: ya zamani, iitwayo BIOS, ambayo kwa Windows huendana na MBR, na mpya, iitwayo UEFI, ambayo huendana na GPT. Windows iliyosimikwa kwa desturi moja haiwaki kwa desturi nyingine, hata kama kunakili kwenyewe hakukuwa na dosari.

Katika diski za UEFI kuna pia patisheni ndogo iliyofichwa, iliyofomatiwa kwa FAT32, ambamo hukaa programu ya kuamsha Windows. Anayenakili patisheni ya C peke yake, kwa kuona kwamba hiyo ndiyo yenye mali, huwa amehamisha nyumba akasahau mlango. Tiba yake si kurudia kazi yote: patisheni hiyo ikishatengenezwa, kompyuta huwashwa kwa flashi ya kusimika Windows, na amri ya bcdboot huandika upya programu ya kuamsha pamoja na orodha inayoeleza Windows iko wapi.

Utambulisho huleta kasoro ya ajabu kidogo, kwa sababu hapo kosa la nakala ni kufanana mno na asili yake. Kila diski ina namba yake ya utambulisho, na kloni halisi huinakili namba hiyo pia, hivyo diski zote mbili zikiwa zimeunganishwa Windows hukuta pacha wenye jina moja na humzima mmoja wao. Mwenye kuona diski yake mpya imetoweka hudhani imeharibika, kumbe imenyamazishwa tu. Utaratibu salama ni kuzima kompyuta mara baada ya kukloni, kuchomoa diski ya zamani, na kuiwasha kwa mara ya kwanza ikiwa na diski mpya peke yake.

Shida kubwa zaidi ni ya diski ya zamani inayokufa. Diski huhifadhi data katika vipande vidogo viitwavyo sekta, na sekta ikichakaa diski hujaribu kuisoma tena na tena kabla ya kukiri kushindwa. Hapo ndipo asilimia za programu ya kukloni huganda mahali pamoja kwa saa nzima. Kabla ya kulaumu programu, inafaa kusoma kumbukumbu iitwayo SMART, ambayo diski hujiandikia kuhusu afya yake na ambayo programu ya bure kama CrystalDiskInfo huionyesha. Hesabu ya sekta zilizohamishwa na ya sekta zinazosubiri kuhamishwa zikiwa zinapanda, diski yenyewe ni mgonjwa; lakini kama hizo ziko sifuri na kinachopanda ni hesabu ya makosa ya CRC, yaani data inayoharibika njiani, mshukiwa wa kwanza ni kebo au adapta, na dawa yake ni ya bei ndogo.

Wengi hukimbilia amri ya CHKDSK ili kuirekebisha diski mbovu. Amri hiyo hufaa kwa diski yenye afya ambayo faili zake zimevurugika, ila kwa diski inayokufa huongeza kazi palepale panapouma, na huandika juu ya data ambayo pengine ingeokolewa. Kinachofaa ni kunakili kwanza na kurekebisha baadaye, tena kwenye nakala. Clonezilla, programu huria iliyotengenezwa katika kituo cha taifa cha kompyuta zenye uwezo mkubwa cha Taiwan, husimama inapokuta sekta mbovu isipoelekezwa kuiruka. Ddrescue, ya Antonio Diaz Diaz, imebuniwa mahususi kwa hali hiyo, kwani husoma kwanza maeneo yanayosomeka kwa urahisi, huyaacha yanayogoma, kisha huyarudia mwishoni kidogo kidogo. Kila hatua huiandika katika faili la ramani, ili umeme ukikatika kazi iendelee ilipoishia badala ya kuanza upya, sifa ambayo thamani yake haihitaji kuelezwa kwa msomaji wa Afrika Mashariki. Diski inayogongagonga kwa sauti, hata hivyo, haipaswi kuachwa ikizunguka: izimwe na ipelekwe kwa mtaalamu wa kuokoa data.

Ukubwa nao huhadaa. Diski ya gigabaiti 500 na SSD ya 480 huonekana karibu sawa, na katika Windows husomeka takriban 465 na 447, lakini Clonezilla kwa kawaida hukataa kunakili kwenda kwenye diski iliyo ndogo, hata kama data ni gigabaiti 100 tu. Patisheni ya chanzo ipunguzwe kwanza, au itumike programu inayoweza kuipunguza wakati wa kunakili.

Kuna pia diski ambayo programu ya kukloni haioni kabisa. Katika kompyuta nyingi zenye prosesa za Intel za miaka ya karibuni, diski hupitia kidhibiti kiitwacho VMD, na programu isiyo na draiva yake huona patupu. Kuzima VMD ovyo katika mipangilio ya UEFI kunaweza kuifanya Windows yenyewe isiwake, hivyo ni afadhali kutafuta draiva. Kwa upande wa usimbaji, yaani kuigeuza data kuwa mafumbo yasiyosomeka bila ufunguo, BitLocker ya Windows inaweza kuwa imewashwa bila mwenye kompyuta kufahamu. Ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48 unapaswa kupatikana na kuandikwa kabla ya kugusa chochote, kwa kuwa baada ya diski kubadilishwa kompyuta inaweza kuudai.

Sokoni kuna kasoro nyingine ambayo hakuna programu inayoweza kuitibu: diski za nje na flashi za bandia, zilizobadilishwa namba ili zijitangaze kuwa za terabaiti 2 ilhali ndani zina sehemu ndogo tu ya nafasi hiyo. Kifaa kama hicho hupokea data bila kulalamika, kisha huandika faili mpya juu ya zile za awali. Programu ya H2testw hulifichua jambo hilo kwa kukijaza kifaa chote na kukisoma tena, kazi ya saa nyingi ambayo ni nafuu kuliko majuto.

Bekapu zenyewe hushindwa kimyakimya zaidi. Diski iliyofomatiwa kwa FAT32 haipokei faili linalofikia gigabaiti 4, na bekapu ya diski nzima iliyofungwa katika faili moja hupita hapo mapema. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa kampuni ya GitLab alifuta kwa bahati mbaya data ya mtambo uliokuwa kazini, na kampuni ikabaini kwamba bekapu zake za kawaida zilikuwa zikishindwa kwa sababu ya toleo la programu lisilolingana, na kwamba barua pepe za kutoa taarifa ya kushindwa huko zilikuwa zikikataliwa njiani. Data ya takriban saa 6 haikupatikana tena. Kwa mwenye kompyuta mpakato kipimo ni rahisi: kila baada ya muda arejeshe folda moja kutoka kwenye bekapu hadi kwenye kompyuta nyingine, na afungue faili zake badala ya kuhesabu ukubwa wake.

Diski ya zamani, kama bado nzima, isifomatiwe wala kuachiwa duka kama sehemu ya malipo wiki ile ile. Iandikwe tarehe, ikae kwenye droo hadi ile mpya iwe imewaka kwa mwezi mmoja na bekapu ya kwanza kutoka kwayo iwe imerejeshwa na kufunguka.