Mizani ya nyumbani baada ya upasuaji wa kupunguza uzito: Namna ya kupima na kusoma matokeo

Mgonjwa anaporuhusiwa kutoka hospitali baada ya upasuaji wa kupunguza uzito, kazi ya kufuatilia matokeo huhamia nyumbani kwake, na chombo chake kikuu huwa ni mizani. Nchini Tanzania huduma za kupunguza uzito hospitalini, ikiwemo ya kuweka puto tumboni bila kupasua, hutolewa katika vituo kadhaa, miongoni mwao Hospitali ya Taifa Muhimbili, Mloganzila. Idadi ya watu wanaorejea nyumbani na daftari la uzito inaongezeka, na si wote wanaofahamu namna ya kulisoma.

Upasuaji unaofanyika zaidi duniani kwa sasa ni ule wa kuondoa takribani asilimia 75 hadi 80 ya mfuko wa chakula na kubakiza sehemu nyembamba yenye umbo la mkono wa shati. Mwingine ni wa kutengeneza kifuko kidogo na kukiunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba. Katika aina zote mbili mgonjwa hushiba kwa chakula kidogo, na homoni za njaa hubadilika. Uzito hushuka kwa kasi katika miezi 6 ya mwanzo, kisha polepole, na kwa kawaida hufikia kiwango cha chini kabisa kati ya mwezi wa 12 na wa 24.

Siku za kwanza ndizo zinazowavunja moyo wengi. Mtu hufika nyumbani, hupanda mizani, na kukuta uzito umeongezeka kuliko siku aliyolazwa. Hayo si mafuta, bali ni maji ya dripu aliyopewa hospitalini, ambayo mwili huyatoa ndani ya siku chache. Mshtuko wa pili huja karibu na wiki ya tatu, pale namba inapogoma kushuka. Mwanzoni mwili hutumia akiba ya wanga iitwayo glaikojeni, ambayo kila gramu yake huambatana na takribani gramu 3 za maji. Akiba hiyo inapokwisha, kilo nyingi hupotea kwa haraka. Baadaye mwili hurejesha sehemu ya maji hayo, na mizani husimama ingawa mafuta yanaendelea kupungua. Hali hiyo hupita yenyewe. Kuacha kula ili kuilazimisha mizani ishuke ni hatari, kwa sababu mgonjwa huhitaji gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku, vinginevyo hupoteza misuli.

Ndiyo maana kupima mara moja kwa wiki kunatosha. Uzito wa mtu huweza kupanda na kushuka kwa kilo 1 hadi 2 ndani ya siku moja kutokana na maji, chumvi, choo na, kwa wanawake, mzunguko wa hedhi. Mgonjwa achague siku moja, apime asubuhi baada ya kujisaidia na kabla ya kunywa chochote, akiwa na nguo nyepesi zilezile. Mizani iwekwe juu ya sakafu ngumu iliyo sawa, ya saruji au vigae. Juu ya zulia au mkeka namba huwa ya uongo. Kabla ya kununua, asome kiwango cha juu kilichoandikwa kwenye chombo, kwani mizani nyingi za nyumbani huishia kilo 150 au 180. Mwenye uzito unaozidi hapo apimwe kliniki hadi atakaposhuka.

Usahihi wa mizani unaweza kukaguliwa bila fundi. Mtu apande, asome, kisha apande tena akiwa ameshika mfuko wa unga wa kilo 5 ambao haujafunguliwa. Tofauti ikiwa mbali na kilo 5, betri ibadilishwe au, kwa mizani ya mshale, irudishwe kwenye sifuri. Kazi hiyo ifanywe na mtu mwingine wa nyumbani; aliyepasuliwa karibuni hashauriwi kunyanyua vitu vizito. Mizani zinazodai kupima mafuta kwa kupitisha umeme hafifu mwilini hazifai kwa mwenye kifaa cha umeme cha kuongoza mapigo ya moyo, na makadirio yake huyumba kadiri maji ya mwili yanavyobadilika.

Namba inayostahili kuandikwa ni kilo, lakini inayostahili kutafsiriwa ni asilimia. Mathalani, mtu mwenye urefu wa mita 1.65 aliyekuwa na kilo 130 akifikia kilo 97.5 amepoteza asilimia 25 ya uzito wake wote. Akipimwa kwa uwiano wa uzito na urefu bado ana takribani 36, yaani yumo katika kundi la unene uliokithiri, na majirani wanaweza kusema upasuaji haukufaa. Kitabibu hayo ni matokeo mazuri. Utafiti mkubwa wa Sweden ulioanza mwaka 1987 ulionesha kuwa waliounganishwa kifuko na utumbo walipoteza wastani wa asilimia 32 katika miaka 1 hadi 2, na baada ya miaka 10 walibaki na upungufu wa asilimia 25. Kilo chache hurudi, na hilo linatarajiwa. Zikiendelea kurudi mwezi hadi mwezi, kliniki ielezwe mapema.

Yapo pia maneno ya mtaani kwamba aliyekonda ghafla anaumwa. Maneno hayo yamewafanya baadhi ya wagonjwa kuficha upasuaji wao na hata kukwepa kliniki, jambo lenye madhara makubwa zaidi kuliko maneno yenyewe. Mwenye kisukari anayetumia insulini, akibaki na dozi ileile huku uzito umeshuka kilo 15 na chakula kimepungua, anaweza kushukiwa na sukari hadi kupoteza fahamu. Dawa za shinikizo la damu nazo huweza kuzidi. Daktari hupanga upya dozi kwa kuangalia daftari la uzito pamoja na vipimo. Mgonjwa asizipunguze mwenyewe.

Mizani haioni upungufu wa vitamini B12, madini ya chuma wala kalsiamu, hivyo virutubisho vilivyoandikwa na daktari viendelee hata kama namba inapendeza. Kutapika mfululizo, kushindwa kunywa maji, kuyumba wakati wa kutembea, kuona mambo mawilimawili au kuchanganyikiwa ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyohiyo. Vivyo hivyo kwa homa, maumivu makali ya tumbo, kuvimba mguu mmoja na kupumua kwa shida.

Kwa wanawake, uwezo wa kushika mimba mara nyingi huongezeka kadiri uzito unavyoshuka, ilhali inashauriwa kusubiri miezi 12 hadi 18. Aliyeunganishwa kifuko na utumbo amuulize mhudumu wa afya kuhusu njia ya uzazi wa mpango isiyo ya vidonge, kwa kuwa vidonge huenda visifyonzwe ipasavyo.