Mradi Unaogusa Bustani: Je, Wakazi Waliulizwa?

Anayenunua kiwanja au hisa za kampuni ya majengo huuliza bei, riba na kodi. Ni nadra kuuliza kama wakazi walishirikishwa. Jibu lake lina thamani ya fedha, kama Nairobi ilivyokwisha kuonyesha.

Mwaka 1989 ulitangazwa mpango wa kujenga mnara wa ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, mahali wakazi walipopumzikia bila kiingilio. Gharama ilikadiriwa kufikia dola milioni 200 hivi, nyingi zikiwa za kukopa nje. Wakazi hawakuulizwa. Profesa Wangari Maathai aliandika barua serikalini, kisha akaenda Mahakama Kuu. Kesi ilitupwa, na wabunge walikwisha kumkejeli. Lakini mkopeshaji hana ushabiki: wafadhili walisita, mwanzoni mwa 1990 mnara ukatangazwa kupunguzwa, na mwishowe haukujengwa. Uzio uliondolewa 1992.

Karura nako vipande vya msitu viligawiwa wajenzi binafsi. Mwaka 1998 waandamanaji walichoma mitambo ya ujenzi. Baadaye Sheria ya Misitu ya 2005 iliwapa majirani nafasi ya kushiriki katika usimamizi, na viingilio vikasaidia kuutunza msitu huo huo.

Katiba ya Kenya ya 2010 inataka wananchi washirikishwe. Kwa hiyo, pamoja na hati ya kiwanja, mwekezaji mdogo aombe kumbukumbu za mikutano ya wakazi. Zikikosekana, ashushe bei anayoitoa, au aachane na mradi.