Shati Lipitishalo Hewa

Machi 2024 shule za Sudan Kusini zilifungwa kwa sababu ya joto lililotazamiwa kufikia nyuzi 45. Februari 2025 zikafungwa tena, baada ya wanafunzi kuzimia mjini Juba. Sisi tuvaao sare, tuliozoea kusimama gwarideni juani, hatuna budi kuuliza: watoto hawa wamevikwa nini?

Mwili hupoa jasho linapokauka. Nailoni hulizuia, pamba hulinyonya na kuliachia hewani. Mwaka 1888 Lewis Haslam wa Lancashire, Uingereza, na wenzake walibuni kitambaa cha pamba chenye vitundu vidogo vidogo, kiitwacho Aertex. Nyuzi za mtande hupindana mbili mbili zikaushika mshindio, ili vitundu visihame. Askari wa Kiingereza walikivaa katika nchi za joto wakati wa Vita Vikuu vya Pili.

Wala pamba si ngeni kwetu. Huko Nzara, karibu na Yambio, Wazande waliilima katika miaka ya 1940 kwa mpango wa serikali ya kikoloni, na kiwanda cha kusokota na kufuma kikajengwa papo hapo. Shamba na kitanda cha mfumi mahali pamoja! Julai 1955 wafanyakazi wapatao 300 walifukuzwa. Tarehe 26 waandamanaji wakapigwa risasi, wengine wakafa. Agosti 18 askari wa Torit waliasi. Vita vya miaka iliyofuata vilikiangamiza kiwanda.

Mnunuzi sokoni leo na auchomoe uzi mmoja pindoni, auchome. Pamba hunuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu. Nailoni huyeyuka ikawa kidonge kigumu.