Injini za Mvuke Hazitunzwi kwa Mapenzi Peke Yake

Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Kampala mwaka 1931. Kwa miongo kadhaa baada ya hapo, abiria na mizigo ya mji huu vilivutwa na injini za mvuke, mpaka zilipochukuliwa nafasi na injini za dizeli. Leo hakuna injini ya mvuke inayofanya kazi katika reli ya Uganda. Swali lililobaki ni hili: je, chuma hicho cha kale chaweza kurudishiwa uhai, na ni nani atakayekitunza?

Jibu moja lilitolewa mbali na hapa, huko Wales, nchini Uingereza. Reli ndogo ya Talyllyn, iliyojengwa mwaka 1865 kwa kusafirisha mawe ya kuezekea, ilikaribia kufungwa mwenyewe alipofariki mwaka 1950. Mwandishi L. T. C. Rolt na wenzake waliamua kuiendesha kwa kujitolea, na mwaka 1951 treni zao zikaanza kwenda. Reli ilikuwa imechakaa. Katika injini zake mbili za tangu mwanzo, iliyoweza kufanya kazi ilikuwa moja tu, Dolgoch. Hata hivyo reli hiyo ingali hai, nayo ndiyo ya kwanza duniani kuokolewa na watu wa kujitolea.

Hapana budi kueleza ni kazi gani waliyojitwika. Moyo wa injini ya mvuke ni boila. Ndani yake moto hupita katika mirija iliyozungukwa na maji, na mvuke unaobanwa humo ndio unaosukuma magurudumu. Maji huacha ukoko wa chumvi juu ya chuma. Ukoko usipooshwa mara kwa mara, chuma hupata moto kupita kiasi, hudhoofika na kupasuka. Maji yakipungua hata paa la tanuri likabaki wazi, chuma hulainika na boila lote laweza kulipuka na kuua walio karibu. Kwa sababu hiyo hufungwa kizibo chenye risasi ndani, ambacho huyeyuka na kutoa mvuke kuwaonya wahudumu kabla ya maafa.

Basi mtu wa kujitolea haingii katika karakana kufanya apendavyo. Huanza kwa kusafisha majivu na kupaka mafuta, akafundishwa kuchochea moto, na baada ya miaka ndipo huweza kukabidhiwa usukani. Kila kazi huandikwa katika daftari. Huko Uingereza, kwa kawaida kila baada ya miaka 10 boila hufunguliwa lote, na mkaguzi asiye mmoja wao ndiye husema kama litawashwa tena. Asiporidhika, injini hubaki baridi, hata kama abiria wamekwisha kata tikiti.

Askari anaelewa jambo hili upesi. Bunduki husafishwa hata kama haikufyatuliwa, na gari la doria hukaguliwa kabla ya kutoka kambini. Kujitolea ni jambo la heshima, lakini hakumwondolei mtu wajibu wa kufuata amri ya kazi.

Afrika Mashariki ina mfano wake yenyewe. Mwaka 1955 na 1956 kiwanda cha Beyer, Peacock mjini Manchester kiliunda injini 34 za daraja la 59, kila moja ikiwa na uzito wa zaidi ya tani 250, zikapewa majina ya milima ya nchi zetu. Zilizosalia ni mbili tu, nazo ziko katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Moja yao, Mount Gelai, ilitengenezwa hata ikawashwa tena mwaka 2001. Ilithibitika hapo kwamba umri peke yake hauiui injini.

Kinachoiua ni kukatika kwa ujuzi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, shirika moja la reli liligawanyika, na karakana kuu ikabaki Nairobi. Kijana aliyechochea moto akiwa na miaka 25 wakati huo sasa amepita miaka 70. Makumbusho ya Reli ya Uganda, yaliyofunguliwa Jinja mwaka 2022, yaweza kuhifadhi picha na vyombo. Lakini sauti ya boila lenye hitilafu haihifadhiwi katika kabati la kioo. Hufundishwa na mzee akiwa amesimama kando ya kijana.

Ikiwa siku moja vijana wa Kampala watataka kuwasha tena injini ya mvuke, watahitaji fedha na vipuri. Kabla ya hivyo, watahitaji wazee hao na daftari la ukaguzi. Vipuri vyaweza kuagizwa hata mwakani, wazee hawangoji.