Viwanja vya Watoto Katika Mji wa Amsterdam

Mtu mzima akiulizwa watoto wachezee wapi, mara nyingi hujibu, "Po pote." Jibu hilo huweza kufaa shamba, penye mchanga chini ya mwembe na nafasi ya kukimbizana. Lakini katika mji uliosongamana nyumba, "po pote" maana yake ni njiani penye magari. Leo nataka kuwaeleza jinsi watu wa Amsterdam, katika nchi ya Uholanzi, walivyopata viwanja vya watoto wao, mtaa kwa mtaa, kwa kuviomba wenyewe.

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, mji ule ulikuwa na dhiki nyingi. Nyumba hazikutosha, na watoto wengi walizaliwa katika miaka iliyofuata. Viwanja vya michezo vilikuwapo tangu zamani, lakini vingi vilikuwa mali ya vyama, navyo vilizungushiwa ua; mtoto ambaye wazazi wake si wanachama alibaki nje akichungulia. Katika idara ya mji iliyochora ramani za mitaa alikuwamo bibi mmoja, Jakoba Mulder, aliyeona kwamba kila mtaa wastahili uwanja wake mdogo, ulio wazi kwa watoto wote. Kazi ya kuuchora alipewa kijana mmoja, Aldo van Eyck, aliyezaliwa mwaka 1918. Uwanja wa kwanza ulifunguliwa mwaka 1947, mahali paitwapo Bertelmanplein.

Mtu aliyezoea mambo makubwa angaliuona akacheka. Palikuwa na shimo la mchanga lenye ukingo mpana wa saruji, mawe manne ya mviringo, vyuma vilivyopindwa vya kupindukia kichwa chini miguu juu, miti kandokando, na mabenchi matano. Basi, ni hayo tu. Lakini tazameni jinsi kila kitu kilivyofikiriwa. Ukingo ule mpana ni kiti, tena ni meza ya kuandalia mikate ya mchanga, tena ni njia ya kupitia mbio. Jiwe huwa kisiwa leo, na kesho duka. Van Eyck hakupenda kuweka sanamu za wanyama za kupandwa, kwa maana tembo wa chuma ni tembo siku zote, na mtoto hana la kumwongezea. Na yale mabenchi hayakuwa pambo: palipo na benchi, bibi na babu huketi, na palipo na wazee mtoto hana haja ya askari wa kumlinda.

Watu wa mitaa mingine walipouona uwanja ule, walianza kuandika barua kwa wakuu wa mji, wakiomba nao wapewe wa kwao. Wengine walitaja kabisa mahali penyewe, pengine kipande cha ardhi kisicho na kazi, pengine pembe ya njia panda. Wenye kujua mtaa ndio waliokaa mtaani. Mchoraji ofisini aiona ramani, lakini mama anayepita hapo kila asubuhi ndiye ajuaye ni wapi maji hutuama na ni wapi watoto hukusanyika hata wakikatazwa. Maafisa walikwenda kupatazama, kisha van Eyck akachora kwa kadiri ya umbo la mahali. Vifaa vilikuwa vilevile vya bei nafuu, saruji na mabomba ya chuma, ila mpango ulibadilika kila mara. Kazi hiyo iliendelea hata mwaka 1978, na viwanja vilivyofanyizwa vilizidi 700.

Vingine vilikuwa na huzuni ndani yake. Katika mtaa wa kale wa Wayahudi nyumba nyingi zilibaki tupu, kwa kuwa wenyewe walikamatwa wakati wa vita, wakapelekwa mbali kuuawa. Katika majira ya baridi ya mwaka 1944 na 1945, watu wa mji, wakifa kwa njaa na baridi, walizing'oa mbao za nyumba hizo ili kupata kuni, na majumba yakaanguka. Uwanja wa Dijkstraat, uliofanyizwa mwaka 1954 katika upenyo mwembamba baina ya kuta mbili, ni wa mtaa huo. Watoto waliocheza pale wengi wao hawakuzaliwa bado mambo hayo yalipotendeka. Lakini mzee aliyeketi benchini alijua.

Baadaye magari yaliongezeka, ardhi ikawa ghali, na viwanja vikaanza kuondolewa kimoja kimoja. Katika miaka ya 1990 zilikuja sheria mpya za usalama wa vyombo vya michezo, vyuma vya kale vikapimwa kwa kipimo kipya. Vilivyobaki kama vilivyochorwa ni vichache sana. Van Eyck mwenyewe alifariki mwaka 1999. Lakini nyumba kubwa ya makumbusho ya mji huo, Rijksmuseum, ilipofunguliwa tena mwaka 2013 baada ya kutengenezwa, baadhi ya vyuma vyake vya kupanda viliwekwa katika bustani yake. Karibu kila kitu kilichomo nyumbani mle hakiruhusiwi kuguswa. Vile vyuma vya nje, watoto huvipanda.