Ndege ya mtoto: mota na pangaboi vipatane

Mtoto ametoa mota kwenye redio-kaseti mbovu, sasa anaunda ndege. Ni vizuri, ila mota na pangaboi lazima vipatane. Pangaboi likizidi urefu, mota inachemka mpaka inaungua, betri zinakwisha upesi, na betri ni pesa! Likiwa fupi mno, ni kelele tu, ndege haivutwi.

Huku kwetu hewa ni nyepesi kuliko pwani: Gitega iko mita 1,500 hivi juu ya bahari, Muyinga inapita hapo. Basi pangaboi laweza kuwa refu kidogo.

Zungusha nusu dakika, zima, gusa mota. Inaunguza? Kata ncha zote mbili sawasawa, lisitetemeke, kisha jaribu tena. Vidole na macho vikae mbali.