Kuchagua Dawa ya Kukinga Kipandauso

Katika kata ya Magomeni, kama ilivyo katika mji mzima wa Mtwara na vijiji vya pwani vishukavyo hadi mlangoni mwa mto Ruvuma, mtu aumwaye kichwa hushukiwa malaria kwanza. Kipimo kikionesha kuwa hana malaria hushukiwa presha. Na presha ikionekana kuwa ya kawaida hupewa vidonge vya kutuliza maumivu akaambiwa aende akapumzike. Utaratibu huo hauna lawama kwa mtu aliyeugua mara moja. Lakini kwa mwanamke ambaye kila mwezi huanguka kitandani siku tano au sita kwa maumivu ya upande mmoja wa kichwa, yapwitayo pamoja na mapigo ya moyo, akiuchukia mwanga na kelele, akitapika hata maji, utaratibu huo humrudisha mlango ule ule miaka nenda miaka rudi pasipo maradhi yake kutajwa kwa jina. Maradhi hayo ni kipandauso, na jambo ambalo wengi wa wagonjwa wake hawakupata kuambiwa ni kwamba ziko dawa zinywewazo kila siku, kichwa kikiuma au kisiume, kwa madhumuni ya kupunguza idadi ya siku za adha hiyo.

Asidhani mtu kwamba haya ni maradhi ya nchi za baridi. Uchunguzi wa nyumba kwa nyumba uliofanywa mwanzoni mwa miaka ya 2000 huko Haydom, wilayani Mbulu, kwa watu zaidi ya 7,000, ulikuta kipandauso kwa watu 4.3 katika kila 100, na uchunguzi wa namna hiyo uliotangazwa Zambia mwaka 2015 ulikuta kiasi kikubwa zaidi, watu wapatao 23 katika kila 100. Kwa dunia nzima hukadiriwa kuwa mtu mmoja katika kila saba anayo, na wanawake huugua mara mbili hata tatu kuliko wanaume.

Si kila mwenye kipandauso anayehitaji dawa ya kinga. Anayeumwa mara moja baada ya miezi miwili, akanywa ibuprofeni mapema na kulala akaamka mzima, hana haja ya kubeba dawa ya kila siku. Matabibu huanza kuifikiria kinga pale siku za maumivu zifikapo nne au zaidi kwa mwezi, au pale maumivu, hata yakiwa machache, yanapomwangusha mtu kabisa. Iko na sababu nyingine ambayo naiona kuwa kubwa kuliko zote katika mji wetu, nayo ni wingi wa vidonge vya kutuliza. Mwenye kipandauso anayekunywa parasetamoli, diklofenaki au asprini siku 15 au zaidi kila mwezi kwa miezi mitatu mfululizo, au vile vidonge vya mchanganyiko vyenye kafeini siku 10 au zaidi, hujitengenezea maumivu mengine juu ya yale ya asili, hata kile alichokinywa kwa ajili ya nafuu kikawa ndicho kichocheo cha maumivu ya kesho yake. Mgonjwa wa namna hii akipewa dawa ya kinga bila ya kupunguza vidonge hivyo, aghalabu ataona kuwa kinga haifanyi kazi, na atakuwa ameionea dawa bure.

Ajabu ya dawa za kinga za zamani ni kwamba hakuna hata moja kati ya hizi tunazozitumia zaidi iliyotengenezwa kwa ajili ya kipandauso. Propranololi ilitengenezwa Uingereza na James Black katika miaka ya 1960 kwa ajili ya maradhi ya moyo, na mwaka 1966 matabibu wa Marekani waliokuwa wakiwatibu nayo wagonjwa wenye maumivu ya kifua waliandika kwamba kipandauso cha mgonjwa kilitulia pamoja na kifua chake. Amitriptilini ilikuja kwa ajili ya sonona. Topirameti na valproeti kwa ajili ya kifafa. Kandesatani kwa ajili ya shinikizo la damu. Katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, propranololi ndiyo iliyowekwa kwa kazi ya kukinga kipandauso, kwa sababu ushahidi wake ni wa miaka mingi na gharama yake ni ndogo.

Basi ipi iliyo bora? Hapa ndipo msomaji atarajiapo jina moja, na hapa ndipo ilimu inapokataa kumpa. Mwaka 2014 watafiti wa Norway walitangaza jaribio ambalo ndani yake wagonjwa wale wale walitumia kwa zamu kandesatani, propranololi na kidonge kisicho na dawa: waliopungukiwa na siku zao za maumivu kwa nusu au zaidi walikuwa 43 katika kila 100 kwa kandesatani, 40 kwa propranololi, na 23 kwa kile kidonge kitupu. Topirameti iliposhindanishwa na amitriptilini, nazo zilitoka sare. Dhahiri ni kwamba dawa hizi zinasaidia, kwamba hakuna inayomsaidia kila mtu, na kwamba kwa nguvu hazipitani sana. Zinapitana katika yale mengine zinayoufanyia mwili, na hayo mengine, ambayo kwa kawaida huandikwa kwa herufi ndogo katika karatasi ya ndani ya boksi, ndiyo mizani ya kuchagulia.

Propranololi huanza kwa kiasi kidogo, kama miligramu 40 kwa siku, ikapandishwa taratibu, pengine hadi 160. Humfaa mwenye shinikizo la juu la damu na mwenye moyo wa kwenda mbio kwa wasiwasi. Lakini mwenye pumu asiikaribie, maana yaweza kuibana njia ya pumzi, na mwenye kisukari atumiaye insulini ajue kwamba yaweza kumfichia mapigo ya moyo na mtetemeko uwaonyao wagonjwa kuwa sukari imeshuka. Kuli anyanyuaye magunia ya korosho msimu mzima ataona miguu mizito na pumzi fupi, naye ana haki ya kuambiwa hivyo kabla, si baada. Tena haiachwi ghafula. Hupunguzwa kidogo kidogo, kwa usalama wa moyo.

Amitriptilini, miligramu 10 au 25 usiku, humfaa anayekosa usingizi na mwenye maumivu ya shingo na mabega yaliyochanganyika na kipandauso. Hukausha kinywa, hufunga choo, huongeza uzito, na usingizi wake hufika hadi asubuhi, jambo la hatari kwa dereva na kwa mvuvi atokaye alfajiri. Kwa watu wa pwani hii yenye malaria liko jambo la hadhari zaidi: lumefantrini, iliyomo katika dawa mseto tuitumiayo tangu mwaka 2006, hupunguza uwezo wa ini kuivunja amitriptilini, nazo mbili zikikutana zaweza kuvuruga mwendo wa umeme wa moyo. Malaria lazima itibiwe. Lakini mgonjwa amtajie mtoa dawa kile anachokunywa kila usiku, ili tabibu aamue.

Topirameti hupunguza uzito, na wengine huipenda kwa hilo. Lakini huleta mchomo wa vidole, huzubaisha ulimi usipate neno lililokusudiwa, huzalisha mawe ya figo, na humdhuru mtoto aliye tumboni. Valproeti ni mbaya zaidi kwa mimba, kwani huzidisha watoto wa mgongo wazi na kuharibu akili zao, na kwa rai yangu mwanamke wa umri wa kuzaa asipewe kabisa kwa ajili ya kipandauso. Kandesatani nayo ni haramu kwa mjamzito, ingawa kwa wengine huvumilika vizuri.

Mwezi wa Ramadhani hubadilisha hesabu. Njaa, kiu na kukatika kwa kahawa ya asubuhi ni vichocheo vinavyojulikana, na siku za mwanzo ndizo ngumu zaidi. Amitriptilini ya usiku hailazimishi mabadiliko yoyote. Propranololi ya mara mbili kwa siku hugawanywa kati ya futari na daku. Topirameti, kwa mtu asiyekunywa maji mchana kutwa katika joto la Mtwara, huongeza hofu ya mawe ya figo. Mambo haya yazungumzwe katika Shaabani, siyo baada ya mgonjwa kwisha kutapika.

Dawa mpya za sindano zimetengenezwa kwa ajili ya kipandauso chenyewe, zikizuia kemikali iitwayo CGRP. Erenumabu iliidhinishwa Marekani mwaka 2018, na katika jaribio la Ujerumani lililotangazwa mwaka 2022 walioiacha kwa sababu ya madhara walikuwa 11 katika 100, ilhali walioiacha topirameti walikuwa 39. Bei yake ilipotoka ilikuwa dola 6,900 kwa mwaka; kwa mkazi wa Magomeni hiyo ni habari ya kusikia tu. Kwa watoto, jaribio la Marekani la mwaka 2017 halikuona kwamba amitriptilini wala topirameti ilizidi kidonge kitupu, kwa hiyo mzazi asiharakishe kuomba dawa kabla ya kurekebisha usingizi, chakula na maji.

Dawa iliyochaguliwa hupewa miezi miwili hata mitatu katika kiasi kamili kabla ya kuhukumiwa, na ikifaa huendelea miezi sita hadi kumi na miwili. Wengi huiacha katika wiki ya pili, wakati madhara yamekwisha fika na faida haijafika. Nakusihi, ewe mwenye kichwa: andika katika daftari kila siku ya maumivu na kila kidonge ulichokunywa, umchukulie tabibu wa zahanati yako au wa Hospitali ya Ligula, umwambie kama una pumu, kama unataka kuzaa, kama unatumia vidonge vya majira na huona vimulimuli kabla ya maumivu, kisha umwombe, kwa jina lake, dawa ya kukinga kipandauso.